Sinia Imejaa, Mwili Una Njaa: Darasa Juu ya Vitamini



Darasa yetu ya mara hii imetokana na barua. Barua hiyo imetufikia kutoka Ewuaso Kedong, mji mdogo ulioko katika Kaunti ya Kajiado, upande wa Bonde la Ufa chini ya milima ya Ngong, kwenye njia itokayo Ngong kwendea Suswa. Ni nchi ya Wamasai, na jina lenyewe ni la kwao: “Ewuaso” maana yake ni mto. Huko amehamia ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, akafungua duka la vyakula, na yuko pamoja na ahali zake. Ameandika hivi:

“Mwanangu wa miaka 4 alianza, jua likichwa, kupapasa ukuta. Nilidhani anacheza. Hata jioni moja akakanyaga jiko la makaa, hali jiko hilo kila mtu analiona. Mchana hana tabu. Ikiadhiniwa magharibi huwa kama kipofu. Nikaambiwa kuna kitu kimemwingia. Nikamnywesha kombe, nikamfunga hirizi, na fedha zikenda. Kisha jirani yangu, mzee wa Kimasai, akaniambia: Mpe ini la mbuzi, na umpeleke kwa daktari. Nikampeleka. Daktari akamtazama macho, akauliza anakula nini, akampa vitamini A. Baada ya siku chache mtoto alikuwa akikimbia uani baada ya magharibi. Nimefurahi, lakini nimeona haya. Mimi ni mwenye duka. Mwanangu hajalala na njaa hata usiku mmoja. Ilikuwaje akapungukiwa na chakula ndani ya nyumba ya chakula? Na suali la pili: hawa wazee wa Kimasai hawajui mchicha wala embe, mbona wao waona?”

Masuali haya mawili ni mazuri, na jawabu yao ni moja, nayo yatuhusu sisi wa pwani kama impasavyo yeye aliye huko. Hatutaki kumlaumu ndugu yetu kwa yale aliyoyafanya kwanza, kwani wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini na tulione funzo lake. Maradhi yaliyotokana na chakula yalitibiwa kama maradhi ya majini, na kila siku iliyopotea ilikuwa hatua moja kuelekea upofu usiorudi. Mwili wa mtoto ni amana kwa wazazi wake. Na mwenye amana hana budi kujua ni kitu gani kinachoihifadhi na ni kitu gani kinachoiharibu.

NINI VITAMINI?

Chakula chetu kina vitu vikubwa vitatu. Kuna wanga, uliomo katika wali, ugali, mkate na mihogo, kuna mafuta, na viwili hivi huupa mwili nguvu na joto. Kuna na protini, iliyomo katika nyama, samaki, mayai, maziwa na kunde, nayo hujenga mwili. Vitu hivi twavila kwa wingi, na mtu akivikosa huonekana kwa kukonda.

Vitamini ni jambo jingine. Ni vitu vilivyomo ndani ya chakula kwa kadiri ndogo mno, hata hupimwa kwa sehemu za elfu ya gramu, na baadhi yake kwa sehemu za milioni. Vitamini haitii nguvu wala haiongezi nyama. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kuvitumia vile vingine na kuendesha shughuli zake. Mfano wake ni nyumba inayojengwa: mawe, chokaa na boriti vyaweza kuwa tele kiwanjani, lakini asipokuwapo fundi, na vyombo vyake, haitasimama nyumba. Na mwili wenyewe hauwezi kuwatengeneza mafundi hawa, au hauwatengenezi kwa kutosha; ni lazima waingie kwa njia ya chakula, ila mmoja tu aingiaye zaidi kwa njia ya jua, kama tutakavyoona.

Wataalamu wamezihesabu vitamini 13. Nne huyeyuka katika mafuta, nazo ni A, D, E na K. Hizi mwili huweza kuziweka akiba, khasa ndani ya ini. Zilizobaki huyeyuka katika maji, nazo ni C na jamaa wanane wa B. Nyingi katika hizi mwili hauziweki kwa muda mrefu, basi yataka zipatikane siku kwa siku.

Elimu hii si ya zamani sana. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mmoja wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia, mji uitwao leo Jakarta, akitafuta sababu ya maradhi ya beriberi, ambayo hulegeza miguu na kuudhoofisha moyo. Akaona kuku wa hapo hospitali wamelegea miguu mfano wa wale wagonjwa. Ikadhihirika kuwa walikuwa wakilishwa mchele mweupe uliopikwa. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa wakapona. Ile ngozi nyembamba ya punje, ambayo watu huitupa pamoja na wishwa, ndiyo iliyokuwa dawa. Mwaka 1912 Casimir Funk, mtaalamu wa asili ya Poland, akavipa vitu hivi jina ambalo ndilo asili ya neno vitamini. Na mwaka 1929 Eijkman akapewa tunzo ya Nobel pamoja na Frederick Gowland Hopkins wa Uingereza.

Angalia ajabu ya khabari hii: kuku hawakufa njaa. Walishiba. Lakini chakula chao kilikuwa kimevuliwa kitu.

JAWABU YA SUALI LA KWANZA: MTOTO NA GIZA

Nyuma ya jicho pana rangi maalumu ambayo kwayo mtu huona kwenye mwanga hafifu, na rangi hiyo hutengenezwa kwa vitamini A. Ikipungua vitamini hii, jambo la kwanza ni mtu kutoona vyema magharibi na usiku. Akiachwa hivyo, macho hukauka. Pengine huonekana mabaka kama povu jeupe kwenye weupe wa jicho. Kisha kioo cha jicho hulainika, hupata kidonda, na hapo upofu huwa wa daima. Yule wa mwanzo hupona kwa siku chache akipata tiba. Huyu wa mwisho hana marejeo.

Wala vitamini A si ya macho peke yake. Ndiyo inayohifadhi utando wa koo, wa mapafu na wa matumbo, ambao ni ukuta wa mwili dhidi ya maradhi. Mtoto aliyepungukiwa nayo huwa rahisi kushikwa na kuhara, na surua ikimpata humwelemea. Mwaka 1986 daktari Alfred Sommer na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya Aceh, katika kisiwa cha Sumatra: vifo vya watoto wadogo katika vijiji vilivyopewa vitamini A vilipungua kwa kiasi cha thuluthi moja. Ndiyo sababu hivi leo, katika Kenya na nchi nyingi nyingine, watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini A kila miezi 6 katika vituo vya afya, na mtoto mwenye surua hupewa vilevile.

Sasa na tuitazame nyumba ya ndugu yetu. Katika barua yake ameeleza wanachokula: ugali wa unga mweupe, wali mweupe, chapati, viazi vya kukaanga, kabeji, na chai. Maziwa waliyaacha yalipopanda bei wakati wa ukame, wakanywa chai isiyo maziwa. Na mtoto alikuwa ameugua surua miezi mitatu kabla ya macho yake kubadilika. Basi hapo pana sababu zote. Mahindi meupe hayana vitamini A. Mchele mweupe hauna. Viazi vyeupe havina. Kabeji nyeupe ina kidogo isiyotaja. Mtoto alikuwa akiishi kwa akiba iliyomo katika ini lake, na surua ikaja ikaimaliza.

Kuna na jambo moja jingine, nalo ni la kibiashara. Mafuta ya kupikia yanayouzwa Kenya hutakiwa na sheria kutiwa vitamini A. Lakini vitamini hii huharibiwa na mwanga na joto. Mafuta yanayopimwa kidogo kidogo kutoka mtungi ulio wazi, au kuwekwa katika chupa nyeupe kwenye jua la mlangoni, hupoteza fadhila yake kabla hayajafika chunguni. Ndugu zetu wenye maduka na walizingatie hili.

Ama lile shauri la mzee wa Kimasai, lilikuwa shauri la mjuzi. Ini ndilo ghala ambamo mnyama huweka vitamini A, na matabibu wa kale, wa Misri, wa Kiyunani na wa Kiarabu, walilitaja ini kuwa dawa ya kutoona usiku, karne nyingi kabla haijajulikana sababu. Na zaidi ya hayo, hakusema “mpe ini” akanyamaza. Alisema pia “umpeleke kwa daktari”. Huu ndio ukamilifu wa shauri.

Sisi wa pwani tunayo mengine mbali na ini. Mboga za majani za rangi ya kijani iliyoiva, kama mchicha, kisamvu, mnavu na majani ya kunde, na matunda na mizizi ya rangi ya manjano, kama embe, papai, malenge, karoti na viazi vitamu vya manjano, vyote vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Na kwa kuwa hii ni katika zile ziyeyukazo katika mafuta, mboga hizo hufaa zaidi zikipikwa na mafuta kidogo. Bibi zetu waliopika mchicha na kisamvu kwa tui la nazi hawakusoma kitabu cha vitamini, lakini walipata.

JAWABU YA SUALI LA PILI: WAZEE WASIOKULA MBOGA

Ndugu yetu ashangaa kuwa Mmasai wa zamani aliishi kwa maziwa, nyama na damu, na haoni alipoitoa vitamini. Ama vitamini A, ilikuwamo katika mafuta ya maziwa na katika maini. Kadhalika vitamini B12, ambayo kazi yake ni damu na mishipa ya fahamu, haipatikani ila katika vyakula vya wanyama, nao walikuwa nayo tele. Suali gumu ni la vitamini C, ambayo watu wengi huipata katika matunda na mboga.

Kwanza na tujue kazi yake. Vitamini C ndiyo inayoufanya mwili utengeneze ule ugwe unaozishikanisha nyama, ngozi, mishipa ya damu na fizi. Ikikosekana kwa muda wa miezi, huja maradhi ya kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka, viungo huuma, na mwisho wake ni mauti. Maradhi haya yalikuwa adui mkubwa wa mabaharia wa Ulaya, na khabari yake mashuhuri imetokea hapa kwetu.

Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, watu wake walikuwa wamekwisha kushikwa na kiseyeye njiani. Sultani wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Mwandishi wa safari hiyo ameeleza kuwa wagonjwa wao walipona hapo, naye akadhani ni uzuri wa hewa ya mji. Leo twaweza kusema kuwa hewa ya Mombasa ni njema, lakini machungwa yalikuwa na sehemu yake. Walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, walikaa baharini karibu miezi mitatu, wakafa watu 30 kwa maradhi hayo. Walipotia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499, jambo walilolitaka kwa wagonjwa ni machungwa. Yakaletwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuchelewa, wakafa palepale bandarini. Ilihitajika kungoja hata mwaka 1747, daktari wa Kiskoti wa merikebuni, James Lind, alipowagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao, na wale wawili waliopewa machungwa na malimau wakawatangulia wenzao wote kupona.

Turudi Ewuaso Kedong. Mwili hautaki nyingi ili kuepukana na kiseyeye. Kiasi cha miligramu 10 kwa siku hutosha, ingawa zaidi ya hapo ndiyo afya. Maziwa mapya ambayo hayakuchemshwa yana vitamini C kidogo, na mtu aliyeyanywa kwa vibuyu aliipata hiyo kidogo mara nyingi. Damu mbichi nayo ina sehemu yake. Na si kweli kwamba Wamasai hawakuguswa na mimea: watoto na wanawake walikula matunda ya mwituni, na supu ya nyama ilitiwa magome na mizizi ya miti, kama ule waitao olkiloriti. Kwa hivyo chakula chao, kilichoonekana kwa mgeni kuwa ni kitu kimoja, kilikuwa kimetimia kwa njia yake.

Hatusemi haya ili watu wanywe maziwa mabichi. Maziwa yasiyochemshwa huleta brusela na kifua kikuu, na kuyachemsha ni wajibu. Wala damu si chakula chetu, ni haramu, na aliyejaaliwa chungwa, pera, ndimu na ubuyu hana haja nayo. Tunataka tu kuonyesha kuwa kila umma ulikuwa na njia yake ya kukamilisha chakula, na kwamba njia hiyo ikivunjwa bila ya kuwekwa nyingine mahali pake, maradhi huingia.

CHAKULA KIKIBADILIKA

Mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walitangaza uchunguzi wao juu ya chakula na afya ya Wamasai na ya Wakikuyu katika Kenya. Waliona kuwa mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake wa Kikikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Miongoni mwa Wakikuyu, ambao chakula chao kilikuwa zaidi nafaka na mizizi, waliona zaidi meno mabovu, upungufu wa damu, vidonda na kasoro za mifupa; na miongoni mwa Wamasai waliona zaidi kufunga choo na maumivu ya viungo. Yafaa tuseme kuwa watu hutofautiana vimo kwa asili pia, si kwa chakula tu; basi asichukue mtu hesabu hii akajifakhirisha kwayo juu ya jirani yake. Lakini liko jambo moja ndani ya uchunguzi huo lililo na faida kubwa: wanawake wa Kikikuyu, ambao desturi yao ilikuwa kula majani mengi ya mboga kuliko waume zao, hawakuwa na tofauti kubwa kama ile na wanawake wa Kimasai. Kabila moja, nyumba moja, na fungu la mboga likaleta tofauti.

Sasa na tutazame hali ya leo. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kavu za Kenya, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa zilizopoteza ng'ombe wengi. Ng'ombe akifa, yamekwenda maziwa na kila kilichomo ndani yake. Mahali pake huja ugali mweupe, na chai ya rangi yenye sukari nyingi. Tumbo limejaa, wala huwezi kumwambia mtoto kuwa hakula. Lakini chakula kilichotimia kimetoka nyumbani, na kisichotimia kimeingia.

Na mwenye kuuza unga huo na sukari hiyo ni nani? Ni sisi wenye maduka. Ndugu yetu ameandika mwishoni mwa barua yake kwamba hili ndilo lililomuuma zaidi ya yote: aliwauzia majirani chakula kile kile kilichomtia giza mwanawe. Hatuoni kuwa ana dhambi, kwani unga ni riziki na watu wauhitaji. Lakini tumemshauri, naye amekubali, aweke dukani kunde, maharagwe, mayai na dagaa wakavu, na awaambie wanunuzi yaliyompata.

NA SISI WA PWANI?

Tusidhani kuwa tumesalimika kwa kuwa tuna bahari na miembe. Sisi tunapenda weupe. Mchele ukiwa mweupe ndio mzuri, mkate ukiwa mweupe ndio wa heshima. Na kadiri nafaka izidivyo kuwa nyeupe, ndivyo izidivyo kuvuliwa vitamini za B.

Vitamini B1 ndiyo ile iliyowakosa kuku wa Batavia. Msidhani kuwa beriberi ni khabari ya kale: mwaka 2004 iliwapata watoto wachanga katika kisiwa cha Mayotte, jirani zetu wa Komoro, ambako wali mweupe ndio chakula kikuu. Mtoto anyonyaye huipata vitamini hii katika maziwa ya mama. Mama akila wali mtupu, na mtoto hukosa. Kuosha mchele mara nyingi na kumwaga maji yaliyopikiwa kwazidi kuiondoa. Mchele usiokobolewa sana, kunde, mbaazi, choroko na nyama huileta.

Vitamini B3 ikikosekana huja pelagra: ngozi iliyopigwa na jua hubabuka, tumbo huhara, na akili huchafuka. Huwapata wale ambao chakula chao ni mahindi karibu peke yake, kwa sababu vitamini hiyo katika mahindi imefungika, mwili haufiki. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra zaidi ya watu 18,000, baada ya kukatika karanga katika posho yao. Karanga tu, msomaji! Kitu tunachokitafuna barazani kwa mchezo.

Na iko folati, nayo ni katika jamaa za B, ipatikanayo katika mboga za majani, kunde na maharagwe. Hii hutengeneza damu, na ikipungua kwa mama mwanzoni mwa mimba, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mgongo wa mtoto hufungika katika wiki nne za mwanzo, wakati ambao mama pengine hajajua kuwa ni mja mzito. Basi chakula cha mwanamke hakingojwi mpaka mimba ionekane.

Vitamini D ni yule fundi aingiaye kwa jua. Ngozi ikipigwa na jua huitengeneza. Katika chakula haimo kwa wingi, ila katika samaki wenye mafuta na kiini cha yai. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kuipokea chokaa ya kujengea mifupa. Ikikosekana, mifupa ya mtoto hulainika, akapata matege, na utosi ukachelewa kufunga. Na mtu mzima huumwa na mifupa na kuchoka. Waweza kushangaa: je, hapa petu patakosekanaje jua? Jua lipo, ila watu hawaendi. Hata katika nchi za Ghuba, zenye jua lisilo mfano, wataalamu wameona upungufu mkubwa wa vitamini D, khasa kwa wanawake. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na ua, ambamo mwanamke aliota jua katika sitara yake, na mtoto akachezea hapo. Leo wengi twakaa ghorofani, madirisha yamefungwa mapazia, na mtoto mchanga hufunikwa nguo tatu asipigwe na upepo. Stara ni wajibu. Kujinyima jua si wajibu. Ua, roshani iliyozibwa, au chumba kiingiacho jua vyatosha, na mtoto na atolewe nje kila siku. Kioo kilichofungwa hakitoshi, kwani huzuia ile sehemu ya jua ifanyayo kazi hii.

Zimebaki mbili. Vitamini K hugandisha damu. Mtoto azaliwapo huwa nayo kidogo sana, ndiyo maana hospitalini hupigwa sindano yake, na mzazi asiikatae. Vitamini E huzihifadhi chembe za mwili zisiharibike, nayo imo katika mafuta ya mbegu, karanga na korosho. Ni nadra kukosekana kwa mwenye afya.

LA KUFANYA

Kwanza: sinia iwe na rangi. Kila siku iwemo mboga ya majani, na kila siku tunda moja, hata liwe dogo. Fungu la mchicha ni rahisi kuliko chupa ya soda.

Pili: mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, na mchuzi wake usimwagwe. Ndimu ikamuliwe juu ya kunde na mboga wakati wa kula. Pamoja na vitamini C yake, huusaidia mwili kuipokea madini ya chuma iliyomo humo, nayo ndiyo ya damu.

Tatu: nafaka ichanganywe na kunde, na unga usiokobolewa sana upewe nafasi yake. Anunuaye unga wa pakiti na atazame kama umeandikwa kuwa umeongezwa vitamini. Kenya iliifanya kuwa sheria mwaka 2012, kwa unga wa ngano na wa mahindi.

Nne: watoto wapelekwe kituo cha afya wapewe vitamini A kwa wakati wake, na chanjo ya surua isikose.

Tano: vidonge visinunuliwe kwa kubahatisha. Vitamini A na D zikizidi hudhuru, kwa sababu mwili huziweka akiba wala hauzitoi upesi. Na vitamini A nyingi kwa mja mzito yaweza kumharibu mtoto tumboni. Dawa yake ni chakula. Vidonge ni kwa amri ya daktari.

Sita: mtoto akianza kupapasa magharibi, apelekwe kwa daktari siku ileile. Mwenye kutaka kumwombea na amwombee, hali yuko njiani kumpeleka.

MASUALI YA DARASA

1. Jana nyumbani mwako palipikwa nini? Taja rangi zake.

2. Maji ya mboga na ya mchele yalikwenda wapi?

3. Nani katika nyumba yako hakupigwa na jua tangu Ijumaa iliyopita?

4. Mama anyonyeshaye hula nini baada ya wengine kupakua?

Kila mmoja na ayajibu kwa siri yake pamoja na ahali zake kabla ya darasa ijayo. Ama ndugu yetu wa Ewuaso Kedong, ametuletea salamu kuwa mwanawe siku hizi ndiye anayetumwa magharibi kwenda kwa jirani, yule mzee wa Kimasai, kuchukua kibuyu cha maziwa, naye hurudi nacho bila ya kumwaga.